Sauti ya Leonia

Sokoni Babati, mbele ya gunia la maharage, ndipo Apolinary alipomkuta Leonia akichambua na kuimba. Kijana alikuwa na jaketi jeusi juani, gitaa mgongoni.

"Mambo, dada. Huo wimbo wa nani?"

"Wangu. Na maharage ya nani, huulizi?"

Akanunua kilo mbili asizozihitaji. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi.

Apolinary alikuwa na bendi ya roki, ambayo mji uliita wapiga kelele. Leonia aliwapenda hivyo hivyo. Kisha wakaachia singo yao ya kwanza. Akaisikia kwenye spika ya duka la simu: magitaa yananguruma, na katikati sauti yake mwenyewe, ile Apolinary aliyomrekodi akiimba jikoni. Majina kwenye kioo cha simu ya muuzaji yalikuwa ya vijana wanne wa bendi. Lake halikuwemo.

Damu ikamchemka. Bibi yake alitunga nusu ya nyimbo za kwaya yao. Kaseti zikatoka kwa jina la mwalimu, bibi akazikwa hajatajwa. Wanaovuna jasho la wanawake hawajawahi kukosa sababu. Akapiga simu.

"Nilitaka kukushtukiza, mpenzi," Apolinary alisema.

"Mwizi naye huja bila taarifa." Akakata.

Bendi ikauondoa wimbo mtandaoni. Jumapili baada ya misa, Apolinary akatokea kwao Nangara, shati jeupe limepigwa pasi, pamoja na Nickson mpiga besi aliyebeba sukari.

"Shikamoo, Mama Leonia. Tumekuja kuomba."

"Marahaba." Mama akaitazama sukari, akamtazama msindikizaji, akaketi wima. "Semeni."

"Sauti ya Leonia. Niliichukua bila kuuliza. Akikubali, jina lake litatangulia. Akikataa, wimbo tunauzika."

"Vijana wawili, sukari, shati la pasi, eti mmefuata sauti? Nilishaanza kufikiria mashangazi wa kuwaita."

Nickson akainama kuficha kicheko.

"Na hilo pia, mama," Apolinary alisema taratibu. "Niliogopa kuomba mawili siku moja."

Wote wakamkodolea mama macho. Mama akawaonyesha kwa kidevu binti yake, aliyesimama mlango wa jikoni.

"Mwenyewe yule pale. Au mnarudia kosa?"

Leonia alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, akiionja ladha ya kuulizwa.

"Wimbo, sawa. Ila tutaurekodi upya, nami nikiwa nimesimama pale pale studio."

"Na lile lingine?"

"Lile lingine, mpenzi, lete wazee wako. Na waambie waanze kuniuliza mimi."