Chambo cha Shemeji

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipoingia dukani kwa mchonga chambo, mimi na shemeji yangu. Alitaka chambo kimoja tu, kikubwa, cha kumtoa samaki kolekole aliyekuwa akivizia kwenye maji mafupi, karibu na ukuta wa mawe.

Watu huviita vitu vile "samaki wa mbao". Mimi hupenda kukiita kitu kwa jina lake. Kile ni chambo bandia. Samaki ni yule anayekosea akakiuma.

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wangu wa kike, ambaye tulimzika kabla ya mvua za mwaka ule. Tangu hapo hakuwa akila vizuri. Uvuvi tu ndio uliomtoa kitandani, nami nilimfuata kila alikokwenda, nisije nikampoteza na yeye.

Alichukua chambo chembamba, cha urefu wa kidole.

"Hicho kolekole atachokonolea meno," nilimtania.

"Wewe shemeji, tangu lini ukavua kitu zaidi ya viatu?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu msiba.

Mchonga chambo hakucheka. Alichagua kingine, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, akakitia kwenye hodhi la maji nyuma ya meza na kukivuta kwa uzi.

"Vuta," alinong'ona. "Acha. Tikisa... Mkubwa haamki kwa kidogo. Wala hafuati chakula. Hufuata anachokikosa."

Kisha akamgeukia shemeji. "Nyumbani hawajambo?"

"Mke wangu amefariki."

"Pole sana. Alipenda rangi gani?"

Nilidhani anamfariji.

"Kijani," shemeji alisema. "Alikuwa na gauni la kijani, la mikono mirefu."

"Na mwendo wake?"

"Alichechemea kidogo. Mguu wa kushoto."

Mchonga chambo aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayepokea vipimo. Akatuambia chambo chetu kinahitaji kupakwa rangi mara moja zaidi, turudi kesho.

Kesho yake jioni tulikichukua. Kilikuwa cheupe, chenye mgongo wa buluu. Lakini vidole vya yule mtu vilikuwa vya kijani hadi kwenye kucha.

Tukashuka ufukweni. Shemeji aliingia hadi magotini, akarusha. Mimi nilibaki juu ya mawe. Hakuna kilichouma. Mwanga ukapungua, na upepo ukakata ghafla.

Ndipo nikasikia harufu ya rangi mbichi.

Ilitoka baharini.

Shemeji aliachia fimbo yake ya kuvulia. Mbele yake, pale maji yalipofika kiunoni, alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani.

"Mke wangu..."

Mwanamke alipiga hatua moja kuelekea kilindini, akichechemea mguu wa kushoto. Akasimama. Akatetemeka. Akapiga hatua nyingine.

Vuta. Acha. Tikisa.

Niliruka majini na viatu vyangu.

"Shemeji, rudi!"

"Ananisubiri."

"Huyo si yeye."

"Namjua mke wangu!"

"Nami namjua mdogo wangu! Tazama anavyosimama!"

Mwanamke akageuka kidogo.

Hakuwa na mgongo.

Kijani kiliishia mbavuni. Nyuma palikuwa mbao tupu, na kwenye kisogo pete ya chuma. Kutoka kwenye pete ile mshipi wa kuvulia ulikaza, ukashuka kwenye maji meusi.

Nilimshika shemeji mkanda, nikamwambia sikioni, "Usimtazame. Sikiliza sauti yangu. Nifuate mimi." Nikarudia na kurudia, mpaka miguu yake ikakubali. Alinifuata kama kipofu hadi mchangani.

Nyuma yetu maji yalitulia. Kama mtu anayefikiri.

Asubuhi nilikwenda dukani. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ndani msasa ulikuwa unakwaruza mbao. Nilibisha. Msasa ukanyamaza, na mlango ukafunguka upenyo.

"Ulimfanyia nani kile kitu?" niliuliza.

"Mteja huyo sijawahi kumwona. Huacha agizo tu, huchukua kazi yake." Akanitazama taratibu, toka nywele hadi viatu. "Samaki akikataa kimoja, mvuvi hubadilisha."

Akafunga.

Nilimsihi shemeji asitoke nyumbani kwake, naye akaniapia. Jioni, kiza kilipoanza kuingia, nilisikia hodi. Alikuwa yeye. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Mbona umeniacha kule?" aliuliza, bila kuvuka kizingiti. "Umeniita, 'nifuate mimi, nifuate mimi', halafu ukanyamaza."

"Sijatoka ndani tangu mchana."

Alinikazia macho. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nitajie jina la utotoni la mke wangu. Lile mlilomwita nyumbani kwenu."

Nikamtajia. Wazee wetu walikwisha kufa. Jina lile tulilijua mimi na shemeji tu.

Shemeji akarudi nyuma hatua nyingine.

"Yule aliyeniita kule naye amelitaja," alinong'ona.

Nikamnyooshea mkono aingie ndani.

Hakuushika.