Waliponifichia Mkasi

Jamani, mmewahi kuona fundi wa kukata nguo anayekatazwa kushika mkasi?

Ndiyo mimi!

Nilikuwa likizo ya sonona. Ndiyo, ule ugonjwa wa huzuni nzito mnaouita uvivu. Siku ya kurudi naingia karakana ya ushonaji, cherehani zote zikanyamaza. Msumari ninaotundikia mkasi wangu... mtupu!

"Mkasi wangu uko wapi?"



"Dada, kaa pale ushone vifungo," bosi akasema, sauti ile ya kumbembeleza mtoto. "Vyenye ncha tumeviweka mbali. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Wote wakamtazama Pini, aliyesimama kwenye meza yangu ya kukatia.

Pini! Rafiki yangu wa kufa na kuzikana! Nilipokuwa kitandani alinilisha kwa kijiko, nikamwambia yeye tu kwamba kuna siku nilitamani nisiamke. Kumbe maneno yale aliyabeba mpaka kazini, akayatia chumvi: "Yule akishika mkasi atatuchoma!" Na meza yangu akapewa yeye.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sawa. Nguo ndiyo kazi yangu.

Nikashona vifungo, nikasubiri.

Ikaja oda ya mapazia ya velveti, ya ukumbi mkubwa. Sasa velveti ina manyoya yanayolala upande mmoja. Ukikata kipande kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, ukiviunganisha vinaonekana rangi mbili.

Nikamwona Pini anatandika velveti mezani... vipande vingine kavigeuza!

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kata, mama, nikasema moyoni. Kata!

Sitawadanganya, roho yangu ilicheza ngoma.

Pazia la kwanza likatundikwa. Milia mitupu! Bosi akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama.

"Pini, macho yako yalikuwa wapi?!"

"Sijui, bosi... Silali. Nalia tu bila sababu. Kichwa kinavuma..."

Mikono ilimtetemeka. Nikaijua mikono ile. Ilikuwa yangu kabla sijalazwa.

Hapo hapo, taratibu, msichana wa kupiga pasi akauchukua mkasi mbele ya Pini, akautia kwenye droo.

"Kwa usalama," akanong'ona.

Kisasi changu hicho, kimeiva, mezani! Kilichobaki ni kula tu...

Nikasimama. Nikafungua droo, nikautoa mkasi. Chumba kizima kikarudi nyuma!

"Dada, weka chini!" bosi akapiga ukelele.

Nikaugeuza, nikampa Pini upande wa mpini.

"Shika. Mimi natandika, wewe unakata. Ukizidiwa niambie mimi, usiwaambie hawa."

Akaanza kulia. "Unanisaidia... baada ya niliyokufanyia?"

"Sijakusamehe. Meza ni yangu, kesho unahama. Ila mkasi hunyang'anywi mimi nikiwapo."

Kisha nikamgeukia bosi, nikamwekea bakuli la vifungo mikononi.

"Hivi umalizie wewe. Havina ncha."

Nyie mnaosoma, mwenzenu akirudi kazini baada ya kuugua akili, msimjadili kama hayupo. Muulizeni leo anaweza nini, mrudishieni kazi yake kidogo kidogo. Na siri aliyowapa mgonjwa, ikae alipoiweka.

Pini? Salamu yangu bado ni ya baridi. Lakini mkasi wake umetundikwa kwenye msumari, kando ya wangu.