Injini ya Nick Katoo

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mwaka 2006, foleni ya kituo cha petroli Kitengela ilikuwa imefika barabarani, na gari moja la bluu lilikuwa limezimika katikati yake. Honi zililia, matusi yakafuata. Elsie Nanjala, fundi aliyekuja na mtungi kununua petroli ya gereji, aliinama dirishani amwambie dereva afungue boneti. 

Ndani alikuwa Nick Katoo. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola inakata, shanga nyekundu mkononi, manukato yale yale. Huyu ndiye aliyemfanya akae sebuleni kwa baba yake mdogo tangu adhuhuri mpaka jioni, nywele zimesukwa, kitenge kipya mwilini, kuku wanne wamepikwa, akingoja wazee wa kina Katoo waje kumposa. Hawakuja. Jioni hiyo Elsie alitupa laini yake ya simu, na tangu hapo alimwomba Mungu jambo moja tu, siku ya kumlipa.

"Supa, Elsie," Nick alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Bado unavaa ovaroli kubwa kukuliko?"

"Na wewe bado unanunua vitu huwezi kuwasha?"

"Hii nimeuza ng'ombe thelathini za baba kuinunua, usiitukane. Jumapili niko na mashindano ya magari Kajiado. Nikikanyaga inakosa nguvu, inapiga pa-pa-pa. Wanasema hapa Kitengela ni wewe tu unaelewa kompyuta ya gari."

"Sukumeni mpaka gereji," Elsie alisema kwa sauti ya asali. "Nitakushughulikia, dear."

Huko gari liliwaka tena, Elsie akaliunganisha na laptop, wakatoka nalo barabarani. Gari likienda taratibu, nambari kwenye laptop ilikuwa kumi na nne na nusu, yaani mafungu hayo ya hewa kwa fungu moja la petroli. Hapakuwa na ubaya. Lakini Elsie alipokanyaga, ilipanda hadi kumi na sita, na hapo ilipaswa kushuka hadi kumi na mbili.

"Iko lean," alisema.

"Lean ndiyo nini?"

"Hewa mingi, mafuta kidogo. Kama ahadi zako."

Nick alitaka kucheka, akaona heri asicheke.

Waliporudi gerejini Elsie alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira yote ya hewa. Mngurumo haukubadilika, basi hapakuwa na panapovuja. Akafunga geji ya presha kwenye mpira wa petroli, akamwambia Nick akanyage. Sindano ya geji ikaanguka. Pampu ya mafuta ilikuwa imechoka. Kompyuta ingeamuru petroli kutwa kucha, pampu haikuwa na ya kutoa, na injini inayonyimwa petroli hupata joto mpaka pistoni zikayeyuka.

Fundi mwaminifu angesema papo hapo. Elsie aliifungua geji kimya kimya. Kwenye laptop akaongeza petroli ya mwendo wa chini, ambako pampu ilimudu bado, na gari likatulia kabisa. Alijua likikanyagwa mpaka mwisho kwenye barabara ya murramu ya Kajiado, dakika tano hazitaisha. Ng'ombe thelathini wataungua. Alisikia utamu wake mpaka kwenye ulimi.

"Imepona?"

"Imepona, sweetie. Jumapili kanyaga usiogope."

Akamtabasamia kama zamani, na Nick akaondoka akipiga mluzi.

Jumapili asubuhi Elsie alikunywa chai na mama yake mdogo Jentrix. Mumewe, mzee wa kanisa Wakhungu, ndiye yule baba mdogo aliyemlea Elsie baada ya baba yake kufa, na alikuwa ameshatangulia ibadani.

"Leo Katoo ataona," Elsie alisema, akamweleza yote.

Jentrix aliweka kikombe chini. "Yesu wangu. Elsie, wale watu walikuja."

"Watu gani?"

"Wazee wa Katoo. Walifika asubuhi, wewe ulikuwa bado saluni. Walileta pombe ya asali, si ndiyo desturi yao wakiposa? Baba yako mdogo akawafukuza hapo getini, ati pombe haiingii kwake. Akaniapisha ninyamaze."

Kikulacho ki nguoni mwako. Elsie alinyakua simu. Nambari ya Nick hakuwahi kuisahau, hata alipojaribu. Ililia mara tano.

"Elsie? Siwezi kuongea, wananiita nianze."

"Zima gari!"

"Nini?"

"Zima, Nick! Pampu imeisha. Nilijua tangu juzi. Ukikanyaga, injini inaungua!"

Mngurumo wa injini upande wa pili ukakatika. "Ulijua?"

"Nilidhani hukuja kuniposa. Baba mdogo alifukuza wazee wenu, hakuniambia. Mimi nilikuwa nasukwa, kwa ajili yako!"

Nick akasema polepole, "Kwetu asali ikirudishwa, boma yote imekataa. Nikadhani hata wewe umekataa. Nikapiga simu wiki mbili, naambiwa mteja hapatikani."

Alifika Kitengela saa nane mchana, baada ya kuchekwa na Kajiado nzima kwa kujiondoa. Elsie alikuwa na pampu nyingine tayari. Aliifunga akiwa na gauni lake la kanisani, na wote wawili hawakutaniana.

"Sasa nikuamini?" Nick aliuliza.

"Usiniamini. Nimekufungia geji ya hewa na petroli hapa dashibodi. Amini hiyo." Akafuta mikono. "Nick, tuanze upya. Nitaenda mwenyewe nimpigie baba yako magoti."

Nick alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma. "Baba yako mdogo alifukuza wazee wetu, lakini alionyesha uso wake," alisema. "Wewe uliniita sweetie."

Akawasha injini. Gari likaondoka. Baada ya saa moja simu ikalia.

"Nimekanyaga mpaka mwisho. Inasoma kumi na mbili."

"Hiyo ndiyo sawa."

"Asante, fundi." Hakuwahi kumwita hivyo.

"Nick..."

"Usinipigie tena, Elsie."

Alilia pale pale juu ya tairi kuukuu, bila kujali nani anamwona. Kisha akanawa mikono, akatembea mpaka kanisani, ambako Wakhungu alikuwa akiongoza kikao cha wazee, akaingia bila kubisha hodi.