Sauti Kutoka Chumba cha Pili

Jumba la makumbusho ya redio lilikuwa limefurika. Msusi, gauni lake la kijani likikwaruzwa na mikoba ya wageni, alimshika shangazi yake mkono wasipoteane. Shangazi ndiye aliyetaka kuja kuziona redio za mbao za enzi za utoto wake.

Mtembeza wageni alipogeuka, moyo wa msusi ulipiga paa. Alikuwa yule mwanamume aliyekuwa mchumba wake, ambaye msusi alizikata simu zake mpaka mwenyewe akaacha kupiga, tangu alipomwona kwenye kituo cha basi amemkumbatia mwanamke.

"Nani atajaribu redio hii ya kuitana?" mwanamume aliuliza.

"Huyu," shangazi akasema, akimsukuma mpwa wake. "Kwa maneno hajambo."

Akapelekwa chumba cha pili, akaonyeshwa kitufe cha kubonyeza akisema.

"Mama Vitana, unanisikia?" sauti ya mwanamume iliuliza kutoka ukumbini.

Jina lile la utani lilimlegeza. "Nakusikia. Yule mwanamke wa kituoni hajambo?"

Redio ilikoroma kidogo.

"Dada yangu hajambo. Siku ile alikuja kumzika baba. Nilikupigia nikuambie. Nilipiga mpaka nikaona haya."

 Marehemu yule alikuwa akimwita msusi mkwe hata kabla ya posa. Naye alizikata simu zile huku akisuka vichwa vya watu, akijisifu kwa wateja kwamba yeye hababaishwi na mwanamume.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Sikukuuliza hata neno moja. Nisamehe, mpenzi. Bado nakupenda."

"Ukumbi mzima unakusikia," mwanamume alisema taratibu. "Shangazi yako analia."

Alitoka uso umemwiva kwa aibu. Mwanamume alikuwa akimngoja mlangoni, shati limenyooshwa vizuri, macho yamechoka.

"Mama hukuulizia kila mara. Nilimwambia hukuja mazishini kwa sababu ulilazwa hospitali."

"Ukanifichia aibu yangu?"

"Niliona msiba unamtosha."

Maneno hayo yalimchoma kuliko matusi. Alifuta machozi kwa kiganja.

"Nipeleke kwake."

"Nikitoka kazini. Lakini huo uongo wa hospitali utautengua mwenyewe, mpenzi. Mimi umenichosha."

"Nitautengua."

Akaketi kwenye benchi karibu na mlango, akimngoja amalize kuwatembeza wageni, akijaribu maneno ya kuanzia na kuyaona yote hayatoshi.