Injini Iliyokuwa Inapumua

Nilikwenda hanga, kule banda la ndege, kupeleka miwani, basi. Mume wangu alikuwa ameisahau juu ya friji, na fundi wa injini za ndege asiye na miwani ni hatari kuliko dereva mlevi. Ilikuwa kama saa kumi na mbili jioni. Binti yetu, Kipusa, nilimwacha kwa jirani pamoja na dawa yake ya kupaka kifuani, maana siku hizo wiki ilikuwa haiishi hajabanwa kifua.

Miezi saba alikuwa anabanwa. Daktari alimpima kila kitu, akasema mapafu ni mazima. Akaniambia niandike kwenye daftari saa anayobanwa na muda unaochukua. Nikawa natembea nalo kwenye mkoba.

Hanga lilikuwa wazi na halina mtu. Ile ndege yao ndogo, ya rubani na abiria watano, ilisimama katikati na injini yake moja puani. Nikakaa mezani kumsubiri mume wangu. Daftari la safari lilikuwa limefunguliwa mbele yangu, nikalisoma kwa kukosa la kufanya.

Jumanne. Kuruka, saa nne na dakika kumi.

Jumanne hiyo walinipigia simu kutoka shuleni. Kipusa alibanwa saa nne na dakika kumi na mbili.

Ijumaa. Kuruka, saa moja asubuhi. Ijumaa alibanwa kikombe cha chai kikiwa mdomoni.

Nikatoa daftari langu, nikayalaza yote mawili pamoja. Safari kwa safari... dakika kwa dakika. Nikafika tarehe tisa. Rubani alikuwa ameandika: "Injini ilisita angani dakika nne. Ikashika yenyewe."

Tarehe tisa mwanangu aligeuka bluu mikononi mwangu. Dakika nne. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani.

Ndipo nikasikia.

Hhhii... hhhii...

Filimbi nyembamba ya kifua kilichobana. Mama wa mtoto wa namna hiyo haisahau. Niligeuka nikidhani nitamwona Kipusa mlangoni. Hakuwepo. Sauti ilikuwa inatoka kwenye ndege.

Nikaisogelea. Niligusa injini, ya baridi kabisa. Wala hainuki mafuta. Ilinuka dawa ya kifua, ile ninayompaka mwanangu kila akienda kulala. Kifuniko kilikuwa hakijabanwa vizuri. Nikakiinua.

Pale hanga wana sheria yao. Fundi akifungua kitu bila kukimaliza, anafunga hapo utepe mwekundu wenye jina lake. Utepe haufunguliwi na mtu mwingine, hata awe bosi, ila mwenye jina. Na ndege yenye utepe hairuki.

Hii ilikuwa inaruka kila wiki. Na utepe ulikuwa umefungwa ndani kabisa, umezungushwa kwenye bomba la hewa. Jina lililoandikwa lilikuwa la binti yangu, majina yote matatu. Mwandiko ulikuwa wa mume wangu.

"Usiuguse."

Alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akiingia.

"Baba Kipusa, hii ni nini?"

"Shusha sauti."

"Nimekuuliza, hii ni nini?"

Alinong'ona huku akitazama mlango. Injini ilikuwa imepita saa zake, zile ambazo ikizifikisha inatakiwa kufumuliwa yote. Mwenye ndege hakutaka kusikia habari hiyo. Ikaanza kuzimika angani. Kuna mtu, hakunitajia nani, alimwambia yeye mume wangu kwamba mashine iliyochoka huazimwa pumzi.

"Si ungefunga jina lako?"

"Mimi ndiye naitunza. Nikianguka mimi, nani ataishika? Ni pumzi kidogo tu. Watoto wanazo nyingi. Na mle ndani wanakaa watu sita, Mama Kipusa."

"Basi isiruke."

"Nimeitilia sahihi miezi saba kwamba ni nzima. Wakiifungua leo, naenda jela."

Kumbe hata hao watu sita walikuwa kisingizio. Alichokuwa anakilinda ni sahihi yake.

"Ufungue."

"Haufunguliwi ila na mwenye jina."

"Mwenye jina hajui hata kufunga kamba za viatu," nikamwambia. "Fomu zake zote za shule namsainia mimi. Na huu nitaufungua mimi, kwa niaba yake."

Hakunizuia. Alirudi nyuma hatua moja, akawa anatazama vidole vyangu. Nilidhani ni aibu.

Fundo lilikuwa la moto na lenye unyevu, kama ndani ya mdomo wa mtoto. Likaachia. Ndani ya injini kitu kikashusha pumzi ndefu... na ile filimbi ikakoma.

Nilipofika nyumbani niliuchoma ule utepe. Kisha nikampigia rubani, tunayemwita Kapteni, nikamwambia injini ni mbovu, kesho asiruke. Akacheka.

"Shemeji, kwani mmegombana? Mumeo ameshaisaini. Lala."

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Kipusa alikaa kizingitini anakula mkate, anaimba mdomo ukiwa umejaa. Nikasikia ndege inaanza kukimbia uwanjani. Nikashika ukingo wa sinki, nikamtazama mtoto. Aliendelea kuimba.

Mimi ndiye niliyebanwa.

Ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani, ananinyonya kwa mrija. Ndege ikapita juu ya bati letu. Ikikohoa, nakohoa. Ikivuta, navutwa.

Kwa niaba yake. Nilikuwa nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mbele ya nyumba zetu kuna mashamba yaliyokwisha kuvunwa, tambarare tupu. Yakiisha ni msitu, halafu ziwa. Kapteni alikuwa anatutania kwamba ukishapita mashamba, injini haina ruhusa ya kuumwa. Na mimi pumzi ilikuwa inaniishia. Isingefika mbali. Ikiisha wakiwa juu ya msitu, hakuna ambaye angetoka.

Kama ni kushuka, washuke hapa.

Nikafunga mdomo. Nikabana pua kwa vidole vyenye sabuni.

Injini ikasita.

Macho yakaanza kuona giza. Kipusa akaacha kuimba. "Mama?"

Nikabana zaidi.

Ikazimika.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Upepo tu... Kisha mbali, mburuzo mrefu. Nikaanguka sakafuni, pumzi ikanirudia kwa kelele.

Walitoka wote sita. Kapteni hakujaribu kugeuza kurudi uwanjani. Alishusha pua asipoteze mwendo, akachagua shamba, akailaza kwa tumbo juu ya mabua. Mmoja alivunjika mkono. Wakaguzi walipoifungua injini walikuta vyuma vimekatika ndani, na mikato imeshika kutu ya miezi. Hawakuweza kueleza ilikuwa inarukaje.

Mchana mume wangu, ambaye usiku hakulala nyumbani, alikuja. Akasimama mlangoni, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Uko mzima," akasema. Alikuwa anashangaa.

"Ulijua itahamia kwangu."

"Afadhali wewe kuliko mtoto."

Hilo ndilo lisiloniisha. Angeniuliza, ningekubali bila kukaa chini kufikiri. Ningejiandika mwenyewe na kujifunga mwenyewe. Hakuniuliza. Alirudi hatua moja nyuma, akaniacha niingie kama kipofu, kisha akaenda zake kutia sahihi ya safari ya kesho yake.

Aliondoka kabla wakaguzi hawajamwita. Injini iliuzwa kama chuma chakavu, ikapakiwa kwenye lori, na pale hanga hakuna anayejua ilikopelekwa. Kipusa sasa anakimbia na wenzake mpaka namfokea apumzike.

Miezi miwili nilikuwa salama. Alhamisi iliyopita nilikuwa namenya viazi, nikasikia harufu ya mafuta ya ndege jikoni. Halafu kifuani kwangu...

Hhhii.

Kuna mtu mahali fulani ameifufua. Tangu siku hiyo wanairusha kila asubuhi, na mimi naacha kazi, nakaa chini, navuta na kutoa polepole mpaka watue. Sithubutu kubana pumzi, kwa sababu sijui wako wangapi, wala chini yao kuna nini.

Kwa kawaida wanatua kabla ya saa tatu. Sasa ni saa tano kasoro, na bado wako juu.