Jina Namba Thelathini na Saba

"Habari za asubuhi. Napiga kutoka dawati la ufuatiliaji. Una homa leo?"

"Sina."

"Kichwa kinauma? Umetapika? Unaharisha?"

"Hakiumi, sijatapika, siharishi. Mpenzi, si unisalimie kwanza kama mtu?"

Nikatazama pembeni. Wenzangu sita walikuwa wameinamia fomu zao, kila mmoja na simu sikioni.

"Simu zinarekodiwa," nikanong'ona.

"Haya, Bwana Fomu. Endelea."

"Kuna lolote unalohitaji?"

"Nahitaji kupanda ndege Jumamosi."

Nikaandika: hana mahitaji. Jina lake kwenye ile orodha ya wanaofuatiliwa, namba thelathini na saba, nililiandika mimi mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze, na mkinitukana nimestahili.

Yule ni mchumba wangu. Namwita Profesa, ingawa bado anasoma shahada ya pili. Pete ameshavaa, wazee wameshakubaliana. Homa ile mbaya ilikuwa imelipuka nchi ya jirani, na kwetu alikuwa ameingia mgonjwa mmoja tu, mwenye duka la vitambaa. Kila aliyemkaribia alifungiwa nyumbani siku ishirini na moja, akawa anapigiwa simu asubuhi na jioni. Kupiga hizo simu ndiyo kazi yangu.

Na Profesa akapata nafasi ya kwenda huko huko kunakokimbiwa, wiki sita, kuhoji watu waliopona. Alitaka kujua kwa nini watu hudanganya wanapoulizwa na watu wa afya. Aliomba nafasi hiyo mwaka mzima. Asipofika kwa tarehe yake, anaipata mwenzake.

"Usiende," nilimwambia.

"Sigusi mgonjwa yeyote. Nakaa kwenye kiti, nauliza, naandika."

"Mipaka ikifungwa je?"

"Itafunguliwa. Wewe una lako jambo, sema."

Sikusema. Kesho yake niliingia ofisini kabla ya wenzangu, nikafungua orodha, nikaandika jina lake na namba yake ya simu. Alikutana na mgonjwa wapi? Dukani. Lini? Tarehe kumi na mbili, saa nane mchana. Dakika mbili tu, nikaenda kunywa chai.

Jioni hiyo watu wa afya walimfuata kwao wamevaa barakoa na glavu. Mtaa mzima ukatoka nje kutazama. Akawaambia hajawahi kuingia duka hilo, wakamwambia wote husema hivyo. Akanipigia analia.

"Mimi sijafika pale. Wewe si unanijua?"

"Labda umesahau," nikamwambia. "Mgonjwa mwenyewe amekutaja."

Nilimjibu hivyo mimi, mtu mzima na akili zangu.

Kilichonimaliza zaidi ni mama yake. Siku ya pili jioni yeye ndiye aliyepokea simu.

"Baba, afadhali ni wewe unayetupigia. Jirani hapa amehamisha kamba yake ya nguo, anasema upepo wetu una ugonjwa. Sasa hata salamu hatupewi. Mungu akubariki."

"Amina, mama," nikasema, huku natamani dawati linifunike.

Siku ya tatu asubuhi, Jumatano, nikapiga kama kawaida. Sauti ya Profesa ilikuwa kavu.

"Kabla hujaniuliza, nina swali. Fomu yangu inasema nilikuwa dukani lini? Waliokuja waliniambia wiki iliyopita tu."

Nikasoma kilichokuwa mbele yangu bila kufikiri. "Tarehe kumi na mbili, saa nane mchana."

"Hebu rudia."

"Tarehe kumi na mbili, saa nane mchana."

"Saa nane mchana tarehe kumi na mbili tulikuwa kwa fundi, unapimwa suti ya harusi. Picha ninayo hapa kwenye simu, umenyoosha mikono na futi imekuzunguka tumbo. Tulitoka hapo saa kumi, tukarudi wote."

Jamani, ndipo nikaona nilichofanya. Nilipojaza fomu niliikumbuka siku ile kwa sababu fundi yuko mtaa mmoja na duka la vitambaa, na mimi nilikuwepo. Nikamweka yeye dukani, nikasahau kwamba aliyekuwa naye bega kwa bega ni mimi. Mwaka wa pili huu, ugonjwa huu na mingine, nauliza watu, "Ulikuwa na nani?" Swali hilo sikujiuliza mwenyewe.

"Kama mimi nilimkaribia mgonjwa, na wewe ulimkaribia," akaendelea taratibu. "Mbona wewe uko ofisini?"

"Profesa, tuongee jioni..."

"Simu inarekodiwa?"

"Ndiyo."

"Basi jibu hapa hapa. Nani aliniandika?"

Ningeweza kukata. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Nikamkumbuka mama yake akiniombea baraka.

"Nilikuandika mimi."

Dada wa dawati la jirani akaacha sentensi yake katikati.

"Kwa nini?"

"Niliogopa ugonjwa."

"Ugonjwa tu?"

"Niliogopa usirudi. Huko utakaa na wasomi wenzako, wanaongea yale unayoyaelewa. Mimi ni karani wa simu. Niliona utanitazama na kuniona mdogo."

"Sikuwahi kukuona mdogo," akasema. "Leo nimekuona."

Akakata yeye.

Mkuu wetu, daktari mmoja mwanamama asiyepandisha sauti, alisikiliza rekodi mara mbili huku nimesimama mbele yake.

"Watu thelathini na sita wanakutegemea uwapigie kwa ukweli," akasema. "Wewe umewaongezea wa uongo. Kwenye dawati hili umeondoka, barua ya uhamisho utaletewa. Ila kwanza utakwenda kwa yule mama. Mimi nitamfuta binti, lakini majirani utawaambia wewe."

Nikaenda mchana kweupe. Nikasimama nje ya geti, jirani wa kamba ya nguo akiwa mlangoni kwake na wengine nyuma yake. Nikasema binti huyu hana ugonjwa wala hakukutana na mgonjwa, mimi mchumba wake nilimsingizia. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza walio nyuma hawakusikia. Mtu mmoja akacheka. Mama yake hakucheka.

"Nilikuombea," alisema tu, akaingia ndani.

Profesa akatoka na bahasha mkononi.

"Pete iko humu. Mama ataitunza. Sijaivunja ahadi wala sijaishika. Na usinisindikize Jumamosi."

Akaondoka Jumamosi. Mimi nikapelekwa stoo ya ofisi, kupanga maboksi ya glavu. Kila ujumbe niliomtumia aliusoma, hakujibu hata mmoja.

Wiki ya tano, saa kumi alasiri, ikaingia simu ya namba ya ugenini.

"Habari za mchana. Mimi ni mwanafunzi, nafanya utafiti kuhusu watu wanaotoa taarifa za uongo. Una dakika kumi?"

Nikakaa juu ya boksi. "Ninazo."

"Ulitoa taarifa za uongo?"

"Nilitoa."

"Nani aliumia?"

"Wewe. Mama. Na watu wa kweli ambao sasa simu ikilia wanajiuliza kama orodha ile ni ya kweli."

"Ungepata nafasi tena ungefanya nini?"

"Ningekuambia naogopa, nikakubebea begi mpaka uwanja wa ndege, nikarudi nyumbani kulia."

Nikasikia karatasi zikipekuliwa.

"Majibu yako siwezi kuyatumia," akasema.

"Kwa nini? Nimesema kweli tupu, Profesa."

"Najua. Ila kanuni za chuo haziruhusu mtafiti amhoji mchumba wake." Sauti yake ikalegea kidogo. "Nimekufuta kwenye orodha."

Nililia juu ya yale maboksi bila kuficha.

"Bado nina hasira," akaongeza. "Nikirudi nitafuatiliwa siku ishirini na moja, kama wasafiri wote wa huku. Ofisi yenu itanipigia asubuhi na jioni."

"Mimi siko tena kwenye dawati."

"Ndiyo maana nataka na wewe unipigie. Fomu usiwe nayo. Na unisalimie kwanza."