Tarehe Thelathini Isiyokuwepo

Kila alasiri Sajani alikunywa chai na mama yake mezani, katikati ya makaratasi. Mama alikuwa mwandalizi wa filamu, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa: kurekodi wafinyanzi wa mji wao, Bhaktapur, wakichoma vyungu uwanjani. Kabla kamera haijawashwa, zilitakiwa ridhaa za wafinyanzi, orodha ya wapiga picha, barua ya polisi na kibali cha kata.

Wiki tatu nyuma, mama alimpa Sajani fomu ya kata. Watu wa filamu walihesabu siku kwa kalenda ya kigeni, lakini kata haitaki kusikia tarehe nyingine ila ya Kinepali. "Andika Jumatano ya kurekodi ni tarehe ngapi ya mwezi wa Mangsir. Kaangalie kalenda jikoni."

Jiko lilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zile ni za kupanda kwa mikono na miguu. Sajani aliona uvivu. Alihesabu kwa vidole, akaupa mwezi wa Kartik, unaoitangulia Mangsir, siku thelathini, akaandika Jumatano, tarehe tatu.

"Umeangalia kalenda?"

"Ndiyo, mama."

Basi leo Jumanne, kipindi cha mwisho, mwalimu akasema, "Andikeni tarehe juu ya karatasi. Leo ni tarehe tatu Mangsir." Kalamu ilimponyoka Sajani. Miezi ya Kinepali hubadilika urefu mwaka hadi mwaka, na Kartik ya mwaka huu ilikuwa na siku ishirini na tisa tu. Kibali walichopewa kilikuwa cha leo, na kesho kingekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Alipita uwanjani akikimbia. Vyungu vilikwisha kufunikwa kwa nyasi, tayari kwa moto wa asubuhi. Wafinyanzi wasingesubiri, na moto mwingine ungewashwa mwezi ujao, mama akiwa keshafukuzwa kazi. Akafikiria kunyamaza, askari atakayekagua kibali kesho agundue mwenyewe. Lakini alipomkuta mama akicheka kwenye simu, hakuweza.

"Mama, tarehe nimekosea. Sikuangalia kalenda. Nilikudanganya."

Mama alikisoma kibali. Rangi ikamtoka, akakaa chini sakafuni.

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

Ofisi za kata hufungwa saa kumi wakati wa baridi. Walikimbia bila hata kufunga mlango. Bwana Suwal, katibu wa kata, alikuwa anafunga droo ya mihuri.

"Dada, hilo ni ombi jipya. Siku mbili," alisema.

"Kaka, nakuomba. Kesho asubuhi wanawasha moto. Nimekwisha mimi."

"Utaratibu ni utaratibu."

Mama aliinamisha kichwa, machozi yakamtiririka. Sajani hakuwahi kumwona akilia mbele ya watu. Akasogea mezani.

"Mjomba, kosa ni langu. Mama aliniambia niangalie, nikasema nimeangalia."

Bwana Suwal alimtazama, akakitazama kibali tena. Akageukia kalenda ukutani.

"Hapa pameandikwa Jumatano, tarehe tatu," alisema polepole. "Jumatano ni tarehe nne. Na muhuri huu ni wangu. Kumbe hata mimi sikuangalia."

Alikata tatu, akaandika nne, akatia saini na muhuri pembeni. "Siku mliyoomba ni Jumatano, hiyo haikubadilika. Pelekeni nakala kwa polisi sasa hivi."

Kesho yake askari alikisoma kibali, akakirudisha. Moshi ukapanda, kamera zikawashwa. Mama alimvuta Sajani kando.

"Kosa la tarehe limefutwa kwa kalamu, mwanangu. Ile 'ndiyo, mama' yako ndiyo iliyotaka kutumaliza. Hukuangalia, sema hukuangalia. Mimi nitasubiri upande ngazi."

Jioni mama alifungua fomu nyingine. "Ijumaa ni tarehe ngapi?"

Sajani alijua ni tarehe sita. Hata hivyo aliinuka, akapanda ngazi hadi jikoni.